Picha Pana ya Mama

Mama alipotea Jumamosi saa nne asubuhi, wakati mkwe wake yuko uani anaanika nguo. Alikuwa amemwacha sebuleni, kwenye kiti cha dirishani, akihesabu vifungo vya sweta yake kwa mara ya sijui ngapi. Alipoingia ndani kuchukua vibanio, kiti kilikuwa kitupu na mlango wa mbele umerudishwa taratibu, kama anavyourudisha mtu mwenye adabu anapotoka nyumba ya watu.

Kwa saa nzima hakumwambia mtu. Alizunguka mtaa mikono ina povu, akauliza dukani, akauliza kwa fundi viatu, akauliza kwa wanaocheza karata chini ya ukuta wa shule. Mmoja wao alisema amemwona bibi mmoja akipita, lakini hakukumbuka kama ni leo au jana. Ndipo akampigia mume wake. Mume akampigia dada yake.

Dada yake huyo aliitwa Jemedari. Jina alipewa na wauguzi wenzake wodini, na hakulichukia. Alifika bado amevaa viatu vya kazi, hakukaa, akauliza swali moja tu: nani alikuwa naye?

"Mimi, wifi. Nilikuwa naanika nguo."

"Nguo," Jemedari alisema. "Mama yangu amepotea kwa sababu ya nguo."

"Zilikuwa dakika tano."

"Basi ni hizo dakika tano."

Mume alisimama katikati yao akasema twendeni tukamtafute, maneno ya mtu asiyetaka kuwa upande wowote. Watu walimwita Fundi, hata mkewe alimwita hivyo. Alikuwa fundi wa video. Chumba cha pili cha nyumba yao ndicho kilikuwa studio: kompyuta mbili, monita, mashine kubwa ya kanda aliyoinunua kuukuu, na rafu za kanda mpaka darini. Kitanda cha Mama kilikuwa nyuma ya rafu hizo. Kwa miaka miwili, tangu kusahau kulipoanza, Mama alikuwa analala katikati ya harusi na mahafali ya watu wengine.

Jumapili walizunguka polisi, hospitali mbili na chumba cha maiti. Katika chumba cha maiti Jemedari aliingia peke yake. Alitoka, akatikisa kichwa, akamshika wifi yake mkono. Kisha akakumbuka mkono huo ni wa nani, akauachia.

Jumatatu asubuhi Fundi na mkewe walikwenda kituo cha televisheni. Kila Jumanne, kabla ya habari za jioni, kituo hicho kilitoa bure dakika moja kwa mtu aliyepotea. Dakika moja, mtu mmoja, mara moja kwa wiki. Wiki ile, kwa bahati, hakukuwa na mwingine.

Mpokezi wa kanda, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwaeleza taratibu bila kuinua macho kutoka kwenye daftari. Kanda ifike kesho kabla ya saa sita mchana. Picha iwe ya kipimo chao cha zamani, isiwe na mistari myeusi juu na chini. Onyo limebandikwa mlangoni. Kama hawana kanda, walete hata picha ya karatasi, itawekwa kwenye ubao mbele ya kamera, msomaji atasoma.

Mke alifungua mkoba. Alikuwa nayo picha ya karatasi. Mama ameketi, uso mzima, imekunjika kidogo pembeni.

"Hii hapa," alisema.

Fundi akaifunika kwa kiganja chake. Akamwambia mpokezi kwamba yeye ni fundi, kazi yake ni hiyo hiyo, na kanda wataipata. Walipotoka nje, mkewe alimuuliza ubaya wa picha ya karatasi ni nini.

"Itaganda. Mtu anatambulika akitembea, akicheka," alisema. "Nina dakika nane za Mama za ubora wa juu kabisa, halafu nikawape kikaratasi? Watu wa kituo watanichekaje?"

Mkewe aliirudisha picha mkobani. Tangu Jumamosi alikuwa amepoteza haki ya kubishana.

*

Ilikuwa miaka ile kamera zimeshakimbia na vituo vya televisheni bado vinatembea. Kamera ya Fundi ilipiga picha pana yenye nukta milioni mbili. Kituo kilirusha picha inayokaribia mraba, ya nukta laki nne, tena kutoka kwenye kanda. Kuitoa picha huku na kuipeleka kule ni sawa na kuhamisha kitanda cha watu wawili kukipeleka chumba cha mtu mmoja. Kuna njia tatu. Unaweza kukata pembeni. Unaweza kuipunguza yote, na hapo ndipo mistari myeusi inatokea juu na chini. Au unaibana: upana wote unasukumwa ndani, watu wanakuwa wembamba kama mianzi kwenye kanda, halafu mashine ya kituo inawatanua wakati wa kurusha, na kila mtu anarudishiwa mwili wake.

Picha zenyewe alizipiga siku binti yao alipopewa zawadi ya hesabu shuleni. Mama alikuwa amekaa mwisho wa benchi, kwa sababu alikuwa mwanamke mpana na huko ndiko kulikokuwa na nafasi. Alikuwa anacheka huku anayumba. Fundi alijaribu kukata. Kila Mama alipoegemea nje, bega lilibaki upande wa pili wa mstari, mara sikio, mara nusu ya uso.

Jemedari, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti chake tangu saa nane mchana, alimwambia akate tu, watu watamjua hata kwa nusu.

"Mama hakatwi," Fundi alisema.

Akaibana. Ndivyo alivyokuwa akifanya kwa kituo kingine, kikubwa, alichokitengenezea matangazo ya duka la magodoro kwa miaka miwili. Kule hawakuwahi kulalamika.

Maneno ya kusomwa yaliandikwa na Jemedari kwenye kitanda cha Mama, daftari juu ya goti. Aliandika jina, umri wa miaka sabini na mmoja, gauni la bluu, sweta ya kijivu, ana tatizo la kusahau, namba ya simu. Mke wa Fundi alikuwa mlangoni na sinia la chai. Alisoma kwa mbali, akasema kwa sauti ndogo:

"Wifi, ongeza kwamba ni mnene."

Jemedari aliinua kichwa. "Umwite mama yangu mnene kwenye televisheni?"

"Si kumtukana. Nguo zinabadilika. Mwili haubadiliki kwa siku tatu."

"Umemwona gunia? Picha ipo. Wana macho. Kazi yako ilikuwa kumwangalia nyumbani, si kumtangaza mwili barabarani."

Mke aliweka sinia juu ya mashine ya kanda, Fundi akamwambia aliondoe hapo, akaliondoa. Mnene halikuandikwa.

Mashine ya kanda ilipoanza kuzunguka, wote watatu walisogea kwenye monita. Mama alitokea, mpana, anacheka, shavu lake limejaa kioo. Mistari midogo ya ufumaji wa sweta ilikuwa imefutika, kama inavyofutika siku zote picha ikishushwa kiwango, lakini alikuwa ni Mama. Jemedari aliziba mdomo kwa mkono.

"Mama kabisa," alisema mke.

Fundi alibandika kikaratasi kwenye kasha la kanda: Imebanwa, itanuliwe. Jumanne saa tano kasoro robo aliikabidhi mwenyewe. Mkaguzi, kijana mrefu aliyevaa vipokea sauti shingoni, aliitazama dakika moja hiyo, akapima sauti, akaangalia kama kuna mistari myeusi, akagonga muhuri. Fundi alirudi nyumbani akiwa amenyoosha mgongo kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi.

*

Jioni ile sebule ilijaa majirani. Waliokosa viti walisimama. Jemedari alikaa mbele na simu mkononi, ameichaji tangu mchana. Kiti cha dirishani hakuna aliyekikalia, ingawa hakuna aliyekatazwa.

Tangazo lilianza. Sauti ikataja jina la Mama, umri wake, gauni la bluu. Kwenye kioo akatokea bibi mmoja mrefu, shingo kama ya korongo, mashavu yamebonyea, kifua kimefungamana, anacheka kwa mdomo mwembamba uliosimama kama tundu la kuingizia sarafu. Mabega yalikuwa yamemwangukia. Alionekana mgonjwa. Alionekana mtu wa kukaa wiki mbili kitandani bila kula.

Binti yao wa miaka tisa, aliyekuwa ameketi mwenyewe pembeni ya bibi huyo siku ile shuleni, aliuliza:

"Huyo nani?"

Jirani mmoja, kwa wema, alisema kamera huwa zinapunguza watu.

Fundi alijua palepale. Aliona pia kosa lake lilipo, waziwazi kama mtu anavyoona funguo zake ndani ya gari lililofungwa. Monita yake. Enzi za magodoro aliiwekea kitufe cha kutanua ili aone kazi kama itakavyoonekana hewani, na hakukigusa tena. Hata ungeiwekea uzi ingeutanua ukawa kamba. Kwa siku nzima alikuwa ametazama kioo kinachomwambia anachotaka kukiona.

Aliinuka, akapiga simu kituoni. Iliita. Dakika yenyewe ilikwisha inaita. Yalipoanza matangazo ya sabuni mtu akapokea, akamwambia idara ya ufundi imefunga, apige kesho.

Jemedari alikuwa bado anaitazama simu yake. "Wameifanya nini ile kanda?" aliuliza.

"Ni mimi," Fundi alisema.

Usiku huo simu zilikuwa tatu. Mmoja alikuwa amemwona kikongwe mwembamba sokoni. Wa pili alikuwa na kikongwe mwembamba nyumbani kwake kabisa, ila huyo alikuwa shangazi yake, naye alitaka kujua kama kuna dawa ya kusahau. Wa tatu alitukana akakata.

*

Jumatano Fundi alikaa getini kituoni tangu saa mbili mpaka saa nne. Mlinzi alimwandika kwenye daftari, akampa kitambulisho cha mgeni, kisha akamwambia kitambulisho hicho hakimruhusu kuingia, ni cha kusubiria. Hatimaye mkaguzi alishuka ngazi na kasha la kanda mkononi, si kwa nia mbaya. Kikaratasi cha Fundi kilikuwepo. Juu yake walikuwa wamebandika cha kwao chenye namba ya kumbukumbu.

"Mashine ya kutanua hatuna," mkaguzi alisema. "Kile kituo kikubwa wanayo. Sisi tunarusha kanda kama ilivyo. Ungeuliza, mzee wangu."

"Ulikagua. Hukuona mtu amekuwa mwembamba?"

"Mimi mama yako simjui. Watu wembamba wapo."

Jibu lilikuwa la haki. Fundi alimwomba warushe tena jioni hiyo, angekata, angekesha, angeleta picha ya karatasi, chochote. Mkaguzi alisema ratiba si yake. Mpokezi mwenye miwani alisema ratiba si yake. Mwenye ratiba alikuwa kwenye kikao. Saa saba mchana jibu lilishuka kwa mdomo wa mlinzi: Jumanne ijayo, kama hakutakuwa na mwingine aliyepotea.

Nyumbani alimkuta mkewe amefua tena, amekaa uani anazitazama nguo zilizokwisha kukauka. Alimweleza. Mkewe alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaingia ndani akatoka na ile picha ya karatasi.

"Chukua," alisema. "Tembea nayo."

Hakusema nilikwambia. Ingekuwa nafuu kama angesema.

*

Fundi alitembea nayo Jumatano yote iliyobaki na Alhamisi tangu alfajiri. Alifuata barabara kuu kutoka mjini, akiingia kila duka, kila kituo cha mafuta. Watu walikuwa wepesi kukumbuka tangazo. Walisema aa, yule bibi aliyekonda, pole sana. Akiwaonyesha karatasi walikunja uso wakasema huyu si yule. Ilibidi aeleze, na kadiri alivyoeleza habari za kubana na kutanua ndivyo walivyomtazama kama mtu aliyeanza kuugua yeye.

Saa tisa alifika mahali malori ya mchanga yanapopumzika kabla ya kupanda mlima. Palikuwa na mgahawa wa mabati, benchi nne, na televisheni ndogo juu ya kabati la vikombe. Mwenye mgahawa alikuwa mama wa makamo aliyefunga aproni. Aliipokea ile picha kwa mkono wenye unga. Hakuikunjia uso.

"Huyu ndiye mgeni wangu," alisema. "Ni nani wako?"

"Ni mama yangu."

Mwenye mgahawa alimvutia benchi. Akaeleza bila haraka. Bibi alitokea Jumamosi jioni, ameloa mvua tepetepe. Hakuna aliyejua alikuja na gari gani. Mwenye mgahawa mwenyewe alimvua gauni, akampa lake la maua, wanalingana mwili. Jina alilojitaja lilikuwa jina la kitoto, la kubembelezwa, halikuwa na baba wala ukoo. Alipotajiwa polisi alilia, kwa hiyo akamwacha kwanza atulie, alale pale nyuma kwenye magunia. Alikuwa hana shida. Alikula vizuri. Alimenya viazi akiimba.

"Jumanne hukutazama televisheni?" Fundi aliuliza.

"Tulitazama. Alikuwa amekaa hapo ulipokaa wewe."

"Mkaliona tangazo?"

"La yule bibi aliyekonda? Tuliliona, ila maneno hatukuyasikia kwa kelele za malori." Mwenye mgahawa alifuta mikono kwenye aproni, kisha akaacha katikati. Alitazama picha, akamtazama Fundi, akaitazama televisheni, ambayo wakati huo ilikuwa imezimwa. "Lile lilikuwa la..."

"Lilikuwa la mama yangu."

Mwanamke yule alikaa chini. Dereva mmoja kwenye benchi la mwisho aliacha kutafuna.

"Alisikitika sana," mwenye mgahawa alisema mwishowe. "Alisema, masikini, mama wa watu amekwisha hivyo, kwao hawampi chakula? Mimi nikamwambia, bibi, watoto wa siku hizi hawana muda."

Fundi aliuliza yuko wapi sasa. Aliuliza akiwa amekwishaelewa, kwa sababu mwanamke yule alimsimulia bibi kama mtu aliyekwisha kuondoka.

Ameondoka leo asubuhi, saa moja. Tangu jana alikuwa anasema anataka kwenda kwao, akitaja mto na kanisa jeupe, na dereva mmoja wa lori, mtu mzima, mpole, alisema mahali kama hapo anapajua, yuko njiani kwenda huko. Akampandisha mbele. Bibi alimpungia mkono mpaka kona. Mwenye mgahawa hakuchukua namba ya lori, yanapita mengi. Rangi ilikuwa ya bluu, au kijani iliyopauka. Mto na kanisa jeupe Fundi hakuwahi kuvisikia. Mama hakuwahi kuwasimulia utoto wake, na wao, walipokuwa bado wanaweza kumuuliza, hawakumuuliza.

Alimpigia Jemedari. Alimweleza mambo ya gauni la maua, lori na mto. Kile ambacho Mama alikisema mbele ya televisheni hakukisema. Upande wa pili dada yake, kwa sauti ambayo Fundi hakuijua, akauliza kama Mama alikuwa anakula.

"Alikuwa anakula," Fundi alisema. "Mpe simu mke wangu."

"Hayupo. Amechukua barabara ya upande wa pili tangu asubuhi. Peke yake. Sikumzuia."

Mbele ya mgahawa barabara ilipanda mlima kisha ikagawanyika, na madereva walisema kila upande una malori ya bluu. Fundi alisimama kando ya lami na picha mkononi. Lori lilipokuja aliinua mkono. Likasimama, akaonyesha karatasi, dereva akatikisa kichwa, likaondoka na vumbi lake. Likaja jingine. Mwenye mgahawa alimletea chai akaiweka juu ya jiwe, ikapoa pale. Kufikia jua kushuka alikuwa amesimamisha malori tisa.

La kumi lilipunguza mwendo kabla hajainua mkono vizuri. Dereva alifungua mlango kabisa, akasogeza koti lake kwenye kiti ili kumpa nafasi.

"Panda," alisema. "Unakwenda wapi?"

Fundi aliweka mguu mmoja kwenye ngazi ya lori. Alitazama barabara ya kushoto, akatazama ya kulia. Dereva alisubiri, injini inanguruma, na nyuma yake lori jingine likaanza kupiga honi.